Mtutajie barabara, msitutajie nchi nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu namna tunavyoandikiwa habari za usalama wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kichwa cha habari kikisema "Mapigano yazuka Kongo", dereva aliyefika Tunduma akielekea Lubumbashi anapigiwa simu na mkewe ageuze gari. Siku hiyohiyo mfanyabiashara wa Kigoma anayejiandaa kuvuka ziwa anasoma habari ileile, anaiona ni yale yale ya kila mwaka, anapanda boti. Wote wawili wamekosea, ila si kwa kosa lao. Nchi ile ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, mikoa 26 na majirani tisa. Ukipiga rula kwenye ramani kutoka Lubumbashi hadi Goma unapata zaidi ya kilomita 1,000. Kumwambia msafiri "Kongo si salama" ni sawa na kumwambia mgonjwa "mwili wako una tatizo".

Swali la msafiri ni moja: barabara hii, kuanzia mji huu hadi mji ule, wiki hii iko mikononi mwa nani, na giza likiingia inakuwaje?

Nianze na kusini, ndiko malori yetu mengi yanakokwenda. Njia ya Tunduma, Kapiri Mposhi, Ndola, Kasumbalesa hadi Lubumbashi haipiti kwenye vita vya mashariki. Hatari zake ni nyingine. Kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi ni kama kilomita 90 tu, lakini lori linaweza kulala foleni siku kadhaa kabla ya kuzianza, na foleni ndiyo inayozaa wizi. Mwizi wa Kasumbalesa anataka dizeli, betri, tairi la akiba na turubai. Kwenye safari ya kurudi anataka shaba. Gari lililosimama peke yake nje ya yadi, usiku, utingo amelala, ndilo linaloliwa. Tangi liwe na kifuniko cha kufuli, namba za sili zipigwe picha kabla ya kuondoka yadi, na dereva na utingo walale kwa zamu. Mpaka nao unaweza kufungwa bila risasi kulia: Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache kwa sababu ya mvutano wa biashara, na malori yakabaki yalipo. Dereva aliyebeba posho ya siku kumi kamili ndiye anayeanza kuuza mafuta ya tajiri. Mpe akiba ya siku saba juu ya hesabu yako.

Hilo halina maana kwamba Katanga yote ni shwari. Kaskazini ya mkoa wa Haut-Katanga na ndani ya mkoa wa Tanganyika kuna maeneo ya Mitwaba, Pweto na Manono, ambayo wenyewe waliyabatiza "pembetatu ya kifo" kwa sababu ya makundi ya wapiganaji. Hata Lubumbashi yenyewe ilivamiwa na Bakata Katanga, wapiganaji wanaotaka Katanga ijitenge, Februari 2021, wakashambulia kambi za jeshi. Kwa mwenye mzigo wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, kanuni ni kubaki kwenye barabara kuu na kusafiri mchana. Anayeambiwa kuna "njia ya mkato" ya kwenda Kalemie kwa nchi kavu aikatae.

Mashariki ndiko ramani inakobadilika kwa wiki. Waasi wa M23, ambao Kinshasa inasema wanasaidiwa na Rwanda, waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, benki za mji zikafunga milango, na utawala wa mkoa wa Kivu Kaskazini upande wa Kinshasa ukahamia Beni. Desemba 4, 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano mjini Washington. Haikupita wiki, M23 wakaingia Uvira, mji ulio ng'ambo tu ya Bujumbura na unaotegemewa na boti za Ziwa Tanganyika. Baadaye walitangaza kuondoka. Kwa hiyo msafiri asipange safari kwa kutazama nani amesaini wapi. Atazame kama malori ya mboga na mabasi madogo ya abiria yamerudi barabarani na yamepita siku kadhaa mfululizo bila kugeuzwa. Wauza mboga hawaendi kwa hisani ya mtu, wanaenda kwa sababu njia imefunguka.

Kaskazini zaidi, kuzunguka Beni, Lubero, na upande wa Ituri Irumu na Mambasa, tatizo si M23. Ni ADF, kundi lililoanzia Uganda na likajifungamanisha na Dola la Kiislamu. Hawa hawashiki mji wakaweka kizuizi na kutoza ushuru. Wanavamia kijiji, shamba au gari na kuua, kisha wanarudi msituni. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, mpakani kabisa na Uganda. Juni mwaka huohuo shule ya Mpondwe upande wa Uganda ikashambuliwa na wanafunzi wengi wakauawa. Ujuzi wa kuzungumza na askari kizuizini hauna kazi hapo. Kinachosaidia ni muda na msafara: kutotembea kabla jua halijatoka, kufika saa kumi jioni badala ya saa kumi na mbili, na kungoja magari yanayosindikizwa hata kama yanachelewa. Djugu, njia ya Bunia kwenda Mahagi, nako kuna wapiganaji wa CODECO na wapinzani wao. Na anayedhani magharibi kote ni amani ajue kwamba tangu 2022 eneo la Kwamouth, kwenye njia za kutoka Kinshasa kuelekea Bandundu, lina wapiganaji wanaoitwa Mobondo, waliotokana na ugomvi wa ardhi kati ya Wateke na Wayaka.

Sasa kuna hatari isiyofuata barabara, nayo ndiyo inayowashangaza wengi. Goma ilipoangukia M23, Januari 28, 2025 waandamanaji walivamia balozi kadhaa mjini Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwenye mapigano. Ubalozi wa Kenya uliporwa. Ubalozi wa Rwanda, wa Uganda, wa Ufaransa na nyingine zikashambuliwa. Msafiri aliyekuwa Kinshasa kwa mkutano hakuwa karibu na risasi hata moja, lakini pasipoti yake ndiyo iliyomponza. Kinshasa wanasema Kilingala, na Kiswahili huko kinamtambulisha mtu kuwa wa mashariki, mara nyingine kumtilia shaka kuwa wa Rwanda. Siku mashariki inapopoteza mji mkubwa, mgeni wa Afrika Mashariki aliye popote pale nchini abaki ndani kwa saa 48, awe na maji lita nne kwa kila mtu kwa siku na chakula kisichohitaji kupikwa, na asitoke kwenda "kuangalia kinachoendelea".

Upande wa M23 nao una kumbukumbu zake. Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilikuwa na askari katika kikosi cha SADC kilichopambana na M23 hadi mamlaka yake yalipofikishwa mwisho Machi 2025. Mtu mwenye pasipoti yetu anayepita maeneo ya M23 atarajie kuulizwa maswali zaidi ya mawili. Na muhuri wa kuingilia uliogongwa na watu wa upande mmoja unaweza kumtia mashakani anapofika upande mwingine. Usipange safari inayoingilia kwa mamlaka moja na kutokea kwa nyingine.

Hapa lugha yetu wenyewe inatutega. Kwetu mzalendo ni mtu wa kusifiwa. Kivu, Wazalendo ni jina la makundi ya wapiganaji wanaosimama upande wa serikali dhidi ya M23, na mengi yao ni Mai-Mai wa zamani, yaani wanamgambo wa vijijini. Mtanzania anayejitambulisha kizuizini kwa furaha kuwa yeye ni "mzalendo" amejiandikisha jeshini bila kujua, na kama kizuizi ni cha M23 ameyajibu maswali yote kwa neno moja. Sema "mimi ni mgeni, niko kazini". Salamu ni "jambo", na mwenye bunduki anaitwa "shefu", au "mukubwa" kwa Kiswahili cha huko. Kiswahili sanifu cha haraka, cha mjini kwetu, huonekana kama dharau. Nenda polepole.

Kuhusu vizuizi vyenyewe, nieleze kwa urefu kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza mali, na wachache roho. Ukiona kamba, gogo au watu wamesimama barabarani, anza kupunguza mwendo mita 100 kabla, si mita 20. Zima muziki, vua miwani ya jua, shusha kioo nusu. Kama ni usiku, ingawa hukupaswa kuwa njiani, punguza taa za mbele na uwashe taa ya ndani ya kabini ili wakuone mikono, kisha iweke juu ya usukani. Anayezungumza awe mmoja tu. Usishuke mpaka uambiwe, na usiingize mkono mfukoni au chini ya kiti bila kutamka kwanza unachotafuta. Kosa kubwa kuliko yote ni kugeuza gari ghafla au kurudi nyuma baada ya kuonekana. Kwa mtu aliyeshika bunduki, gari linalogeuka ni gari la adui. Kama una wasiwasi, geuza mbali, kabla hujaingia kwenye upeo wa macho yao. Ukiishaonwa, umefika.

Nyaraka ziwe kwenye bahasha ya plastiki juu ya dashibodi: nakala za rangi za pasipoti, leseni, kadi ya gari na barua ya kazi kwa Kifaransa yenye muhuri. Muhuri ni muhimu kuliko maneno. Beba seti zisizopungua tano. Toa nakala kwanza. Pasipoti halisi itoke pale tu ofisa wa uhamiaji, wanaoitwa DGM, anapoitaka ofisini kwake. Pasipoti iliyoingia mfukoni mwa mtu asiye na ofisi hukombolewa kwa dola. Ukidaiwa malipo omba risiti kwa upole. Kwenye ofisi za forodha na uhamiaji hilo husaidia. Porini halisaidii kitu, na kubishana kwa ajili ya dola tano ni upumbavu. Gawa fedha zako mahali patatu, sehemu moja ndogo iwe ndiyo inayoonekana. Makundi mengine hutoa kikaratasi cha kuthibitisha umelipa, wenyewe huita jetoni. Kinakusaidia ndani ya eneo lao. Kikikutwa mfukoni mwako kwenye kizuizi cha wapinzani wao kinageuka ushahidi kwamba unawachangia adui, basi jua eneo linaishia wapi.

Simu ina hatari sawa na pasipoti. Askari wa pande zote huifungua na kusoma. Picha za mapigano zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama hukuzipiga wewe, zinakufanya mpelelezi. Zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja na ufute makundi hayo kabla ya safari. Usipige picha ya daraja, uwanja wa ndege, jengo la serikali, mpaka wala askari. Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6, 2021, na raia hufikishwa mahakama za kijeshi. Nguo za mabakamabaka, hata kofia au begi la mtumba, ziache nyumbani. Droni usiifikirie.

Fedha: dola inapokelewa karibu kila mahali kando ya faranga ya Kongo, lakini noti yenye mchaniko mdogo kama punje ya mchele inakataliwa, na ya zamani vilevile. Cha ajabu ni kwamba faranga zilizochakaa hadi kunuka zinapita bila swali. Kagua kila noti kabla ya kuipokea huku nyumbani. Benki zikifungwa, kama ilivyotokea Goma, hakuna wa kukubadilishia.

Kadi za njano ni mbili na watu wanazichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, inayotakiwa mpakani na kuanza kutumika siku kumi baada ya kuchanjwa. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari inayotambuliwa Kongo pia. Hiyo ya pili hulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine. Haigusi lori lako wala mzigo wako. Na ile bima kubwa ambayo tajiri ameilipia, isome mpaka mwisho: vita, uasi na ghasia za wananchi kwa kawaida vimetolewa, isipokuwa umenunua nyongeza. Lori likichomwa Kivu bila nyongeza hiyo, hasara ni yako yote.

Juu ya saa, jambo dogo linaloharibu mengi. Lubumbashi na Goma wako nyuma yetu kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili. Wengine huhesabu saa kwa Kifaransa, hivyo "saba" yao ni saa moja yako. Mkipanga muda wa kupigiana simu, taja saa mara mbili na kwa mji upi. Mpango wenyewe uwe mwepesi: simu asubuhi kabla ya kuondoka, simu ya kufika jioni. Ikikosekana moja, ofisi inapiga kwa dereva, kwa utingo na kwa mwenyeji wa kule anakofikia. Zikikosekana mbili mfululizo, inaarifu ubalozi wetu mdogo Lubumbashi au ubalozi Kinshasa, ikiwa na namba ya gari, nakala ya pasipoti na jina la mji wa mwisho alikoonekana. Mitandao ya simu hukatika vita vinapokaribia, kwa hiyo ukimya wa saa chache si lazima uwe msiba, ila usiuache ufike siku ya pili.

Maji nayo. Barabara inapofungwa na vita, watu huhamia majini, na hapo vita vinaua bila risasi. Oktoba 3, 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa imeshaiona bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaza kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa mbele ya ndugu zao waliokuja kuwapokea. Njia ya nchi kavu ya Minova ilikuwa imekatwa na mapigano, ndiyo maana boti ilijaa. Ukipita Ziwa Kivu au Tanganyika, nenda na jaketi okozi lako mwenyewe, livae kabla ya kupanda, na tazama ubavu wa boti: kama maji yamebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni, shuka. Kwenye Tanganyika, miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, pepo za kusini huinua mawimbi makubwa. Boti ndogo iliyobeba magunia juu ya sitaha haiyastahimili. Wanaochagua ndege wajue kwamba mashirika yote ya Kongo yamo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya yasiyoruhusiwa kuruka anga lake.

Ardhi ya Goma, Sake na Rutshuru imebaki na mabomu yasiyolipuka. Kuchimba dawa kichakani ni mazoea ya madereva wetu. Huko chimba palepale kwenye lami au kwenye njia iliyokanyagwa, aibu si kitu. Ukiona chuma usichokijua, simama, rudi kwa kukanyaga nyayo zako zilezile. Kuzunguka Goma kuna pia mazuku, mabonde madogo yanayokusanya hewa ukaa (kaboni dioksidi) kutoka ardhini mwa volkano. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito hivyo hutulia chini, hasa alfajiri pasipo upepo. Usilale chini kwenye mabonde hayo, wala usimfuate mbuzi aliyeanguka humo.

Magonjwa nitayapitia tu. Kipindupindu kipo mwambao wa maziwa, malaria ipo kila mahali, na Ebola hurudi: ile ya Kivu Kaskazini na Ituri ya 2018 hadi 2020 iliua watu 2,287. Ukitoka eneo lenye mlipuko, jihesabie siku 21, na ukipata homa mpigie mganga simu kabla ya kwenda kituoni kwake.

Ombi langu kwako, Mhariri, halihitaji bajeti. Mwandishi wako anapoandika "mapigano Kongo", aongeze mistari mitatu: jina la mji na mkoa, barabara iliyokatwa na inakokatikia, na umbali kutoka mpaka wetu wa karibu. Kama ni Masisi, aandike Masisi. Kama njia ya Kasumbalesa haijaguswa, aseme haijaguswa. Na barabara ikifunguka aandike pia, maana kufungwa kwake huwa ukurasa wa kwanza na kufunguka kwake hatukuoni popote.

Wasalaam,
Mdau wa usafirishaji, Tunduma